Mke Tuliyemwoa Tukienda Kiboko

Achieng, Wambui, nanyi wengine tuliolala bweni moja chuoni, maneno mliyoyasikia ni kweli nusu. Ni kweli kwamba nilipokuwa nikienda Kiboko kuanza mafunzo ya kazi, arusi iliingia katikati ya safari. Si kweli kwamba niliolewa. Na huyo anayewaambia kwamba mimi ndiye niliyeoa, msimcheke sana, maana amekaribia ukweli kuliko anavyodhani.

Mnanijua. Nimezaliwa Tulia lakini kutulia sijui. Nafasi ile ya Kiboko niliipata nikiwa nimekaa nyumbani miezi mingi na diploma yangu ya kilimo, nikipalilia shamba lile lile nililopalilia kabla sijaenda chuo, na kila jirani akipita ananiuliza, "Mwende, kazi bado?" Nafasi zilikuwa chache, za wasichana peke yao: miezi sita kwenye kituo cha utafiti, posho kidogo, na mahali pa kulala. Sharti lilikuwa moja. Fika Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Asiyefika, nafasi yake anapewa anayemfuata. Huyo anayenifuata sikumjua, lakini nilimwota, amekaa kwenye kiti changu akila mahindi.

Baba akasema msichana havuki mto Athi peke yake, shangazi atanisindikiza. Shangazi Kavata ni dada mkubwa wa baba. Ni mjane, hakujaliwa mtoto, ana shamba zuri, mizinga ya nyuki, na mdomo usiomwogopa chifu. Kwa ninyi msio Wakamba nieleze jambo moja hapa, la sivyo mtapotea mbele. Kwetu mama asiye na mtoto anaweza kuoa mke. Anatoa mbuzi na ng'ombe kama mwanamume, anamleta msichana nyumbani kwake, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Ukoo wa marehemu mume wake ulimsumbua shangazi miaka yote aoe iweto ili jina la mume lisipotee, naye miaka yote alikataa. Alikuwa akiwajibu, "Sitachukua mtoto wa mtu kuziba tundu la ukoo."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka nyumbani Jumanne asubuhi: mimi nikiwa na sanduku la bati, yeye akiwa na kiondo begani.

Tulia mpaka Kitui mjini

Tatizo la kwanza lilikuwa mbuzi. Nilidhani tunaondoka wawili, kumbe tunaondoka wanne. Shangazi alitoka bomani akivuta mbuzi wawili, mwekundu na mweusi. Mwekundu alikuwa wa kumpelekea Mzee Musyoka wa Kasikeu, rafiki wa marehemu mume wake. Walifanya kazi ya reli pamoja Sultan Hamud, na kwake ndiko tungelala usiku wa mwisho. Mweusi alikuwa wa kuwapa watu watakaonipokea Kiboko.

"Shangazi, Kiboko ni serikali," nilimwambia. "Serikali haipelekewi mbuzi."

"Hiyo serikali haina tumbo?"

Basi lilipofika sokoni, utingo akataka mbuzi wafungwe miguu wapandishwe juu pamoja na magunia. Shangazi akakataa. "Mbuzi akipanda juu hai, anashuka nyama," akasema, na utingo akamjibu kwamba basi si zizi, na wakati wao wanabishana mimi nilikuwa tayari nimekaa kwenye kiti cha dirishani. Ilibidi nishuke. Basi likaondoka na kiti changu. Nilisimama kando ya barabara nikitikisa mguu, na shangazi akanitazama.

"Wewe unashona nguo ya nani na huo mguu?"

Tulipata pikapu iliyobeba nguzo za kanisa. Dereva alikuwa mtu mwema na mwendo wake ulikuwa wa mtu mwema: alisimama kwa kila aliyempungia mkono, akawauliza wote habari za ng'ombe. Tulipoingia Kitui mjini basi la Machakos lilikuwa limeondoka zamani.

Kuna mama mmoja pale karibu na msikiti, Mama Zuhura, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na biashara yake akabaki. Ana hoteli ndogo na ua nyuma. Shangazi humuuzia asali, kwa hiyo mbuzi walipata mahali pa kulala bila maneno. Mchinjaji mmoja alitufuata mpaka mlangoni akiuliza bei. "Hizi si za kuuza," shangazi akamwambia. "Hizi zinatembea." Yule mtu akaondoka akitikisa kichwa.

Mama Zuhura alituwekea mahamri na mbaazi za nazi, chakula ambacho siku nyingine ningekula mpaka kidole. Siku ile sikukigusa.

"Mwanangu, mbona huli? Mbaazi hazina miiba."

"Nawaza basi, mama."

"Basi limekwenda, na ukilinunia halirudi. Kula."

Nilikula. Lakini kila gari lililopita nje nilinyanyuka kuchungulia, mpaka wateja wakadhani namkwepa mtu.

Kitui mpaka Wamunyu

Jumatano tulipanda basi ambalo kondakta wake hakuwa na neno na mbuzi. Aliwafunga nyuma kabisa, karibu na gurudumu la akiba. Mimi nilikaa mbele, nyuma ya dereva, ili nione anavyokwenda. Tukaenda vizuri mpaka mto Tiva.

Mvua ya usiku ilikuwa imekula kivuko. Maji yenyewe yalikwisha kupungua, lakini barabara ilikuwa na shimo la kuingia ng'ombe mzima. Na pale shimoni walikuwa wanawake wa mwethya. Mwethya ni kazi ya pamoja: leo kwangu, kesho kwako, na siku ya tatu kwa barabara. Walikuwa wengi, wamejifunga leso kiunoni, wanapokezana mawe mkono kwa mkono wakiimba. Kiongozi wao, mama mnene mwenye filimbi shingoni, alisimama mbele ya basi akanyoosha jembe.

"Kila tumbo lililo humo ndani lishuke lije libebe mawe. Mkimaliza mtapita."

Watu walicheka, kisha wakaona hatanii. Mhubiri mmoja mwenye suti alimweleza kwamba anatarajiwa mkutanoni Machakos. "Hubiri ukibeba," yule mama akasema, akamwekea jiwe mikononi. Mhubiri akabeba, na kwa kweli alihubiri pia, mpaka wakamwomba anyamaze kwa sababu alikuwa anaharibu wimbo.

Mimi nilibeba mawe mbio mbio, nikaenda na kurudi, nikampita kila mtu, nikaangusha moja karibu na mguu wa mwenzangu. Yule mama akapuliza filimbi.

"Wewe msichana, unafukuzwa na nani?"

Nikamweleza. Kiboko, mafunzo, Ijumaa, saa sita. Wanawake wakasimama kusikiliza. Nilidhani wataturuhusu tupite. Badala yake walifurahi mno, wakaingiza habari yangu kwenye wimbo, binti wa Tulia anakwenda kusomea mtama, na wimbo ukawa mrefu zaidi. Shangazi alikuwa katikati yao, jasho linamtiririka, akiongoza kipande chake. Shimo lilipojaa na dereva akapiga honi, hakupanda mpaka wimbo uishe.

"Wimbo haukatwi katikati," akaniambia akikaa.

"Na safari je?"

"Safari hukatwa kila siku."

Walitupa muthokoi kwenye kibakuli, mahindi yaliyokobolewa na maharage, tukala kwa mkono ndani ya basi. Hapo ndipo nilipoona kwamba nimevunjika kucha na kwamba kwa saa nzima sikuwa nimeiwaza Ijumaa. Nikaanza kuiwaza tena.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa Wamunyu, na dereva akatangaza kwamba taa zake haziwaki na hasongi mbele. Kwenye kiti cha pili alikuwapo mchonga vinyago aliyeitwa Mutinda, anatoka kuuza kazi yake Kitui. Akasema kwake si mbali, twende tukalale, mkewe hatakataa. Tukiwa njiani akatuuliza tunakoelekea, na shangazi alipotaja Mzee Musyoka wa Kasikeu, Mutinda alisimama akaweka gunia chini.

"Huyo Musyoka ndiye ameoa dada yangu! Nilimwahidi dada mbuzi tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, na mtoto sasa anachunga. Mungu amewaleta nyinyi."

Asubuhi alikuwa amemfunga mbuzi mweupe kwenye kamba moja na wale wetu. Nikamvuta shangazi kando. Nikamwambia hao wawili tu wametuchelewesha siku nzima.

"Wawili na watatu tofauti ni kamba tu," akasema.

Kumbukeni maneno hayo, kwa sababu mimi siwezi kuyasahau.

Wamunyu mpaka Kasikeu

Alhamisi nilikuwa na roho juu juu tangu alfajiri. Tulifika Machakos, tukabahatisha lori lililokuwa likirudisha kreti tupu za soda Sultan Hamud, mbuzi na sisi nyuma, chupa zinalia njia nzima. Mvua ikatukuta uwandani bila turubai. Shangazi alijifunika kiondo kichwani. Mimi nilifungua sanduku nikatoa gauni langu la kuripotia nikalivaa juu ya lile lingine, nikijiambia kwamba kama ni kulowa liloweshwe na mwili wangu, si na mvua. Msiniulize mantiki yake.

Kutoka Sultan Hamud tulitembea. Njia ya Kasikeu ni nzuri, mashamba ya matuta yaliyochimbwa vizuri, mbaazi zimesimama, lakini mimi nilitazama jua tu. Jambo la ajabu lilikuwa watu. Kila tuliyekutana naye aliwatazama wale mbuzi watatu, akamtazama shangazi, kisha akatupisha njia kwa heshima kubwa. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji alipiga kigelegele kidogo, cha mdomo mmoja.

"Watu wa huku wana adabu," shangazi akasema. "Tulia wangetuuliza bei."

Mzee Musyoka alikuwa nje akirekebisha lango. Ni mzee wa kanisa, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa ng'ambo. Alipotuona sauti ilimkauka. Aliwatazama mbuzi mmoja mmoja. Kisha akampa shangazi mikono yote miwili.

"Mwaitu Kavata. Karibu. Karibu sana."

Mwaitu ni mama, na ndivyo tunavyomwita kila mwanamke wa kuheshimiwa. Nikaona heri nimalize mambo mapema. "Mzee," nikaanza, "huyu mweupe ametumwa na..."

Shangazi alinifinya mkono. "Mgeni hasemi haja yake langoni. Umesoma mpaka umepoteza adabu?"

"Maneno ni baadaye, mwanangu," Mzee Musyoka naye akasema. "Kwanza mkauke, mle."

Mbuzi wakapelekwa nyuma ya nyumba, nasi tukapelekwa jikoni.

Kasikeu, tulipokwama

Jikoni alikuwapo mama mwenye nyumba, dada yake Mutinda, pamoja na binti yake mkubwa, Ndinda. Ndinda alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alikuwa akipuliza moto, na alitutazama mara moja tu.

"Na huko nyumbani, mwaitu, hamjambo?" mama yake akauliza.

"Hatujambo. Lakini nyumba yangu iko kimya sana siku hizi. Naongea na kuku."

Shangazi husema hivyo kwa kila mtu. Amemwambia Mama Zuhura, amemwambia mhubiri wa kwenye basi. Lakini yule mama alimtazama binti yake, na binti akazidi kupuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka.

Baada ya muda nikasikia harufu ya nyama. Nikatoka kuchungulia, nikarudi mbio.

"Shangazi, wamemchinja yule mweusi. Wa Kiboko!"

"Wamekosea mbuzi. Nyamaza, usiwaaibishe."

Majirani wakaanza kuingia, wazee na fimbo zao, akina mama na watoto mgongoni. Ilikuwa bado jioni ya mapema, kuna mwanga. Niliona ni watu wengi kwa wageni wawili waliolowa, lakini nikajiambia labda Kasikeu ndivyo walivyo. Kisha Ndinda akaingia, ameoga, amepakwa mafuta, amevaa kitambaa kipya kichwani. Akapiga magoti mbele ya shangazi yangu, akampa sahani ya nyama kabla ya mzee yeyote. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akachukua kipande, akala, akasifu. Akachukua cha pili.

Mzee mmoja mwembamba akasimama na fimbo yake. "Tumeipokea ntheo," akasema. "Mbuzi watatu, na hakuna kilema. Leo binti yetu amepata kwao."

Achieng, nakuona unauliza. Ntheo ni mbuzi watatu wanaopelekwa kwa kina msichana. Mmoja akishachinjwa na pande zote mbili zikamla, yule msichana ni mke wa watu, na mahari mengine yote ni mazungumzo tu. Mjane asiye na mtoto, anayelia kwamba nyumba yake iko kimya, ameingia kwenye boma lenye msichana mkubwa akivuta mbuzi watatu. Wangefikiri nini? Na kwa kuwa mgeni haulizwi haja yake kabla hajala, hakuna aliyeuliza. Na kwa kuwa mgeni hasemi haja yake kabla hajala, sisi hatukusema.

Kipande cha pili kilikuwa bado mdomoni mwa shangazi. Alikitafuna polepole, akakimeza, akaniinamia sikioni.

"Mwende," akasema. "Tumeoa."

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta uani ananawa uso. Nilimwambia aende aseme ukweli, ni jambo dogo, watu watacheka tutaondoka. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni wa nchi.

"Nikisema sikuja kuoa, nimemkataa msichana baada ya kula nyama yake. Kesho ataitwa aliyekataliwa na mwanamke. Aibu hiyo haioshwi kwa kucheka. Wataitwa wazee wa ng'ambo, itachinjwa mbuzi nyingine, tutakaa mpaka Jumapili."

"Basi mimi nitangulie peke yangu."

"Maneno yasipokwisha, walioleta ntheo hawaachani. Mmoja akitoroka, amekataa."

Nilikaa juu ya jiwe la kufulia nikalia. Nawaambia wazi, sikumlilia Ndinda wala aibu ya mtu. Nililia kwa sababu ya saa sita mchana na yule msichana wa ndotoni na mahindi yake.

Ndinda alinikuta hapo. Alikuja kuteka maji kwenye tangi, akaweka ndoo chini bila kuteka.

"Huyu shangazi yako ni mkali?"

"Ni mkali kwa kila mtu."

"Anapiga?"

"Hapana."

Akafikiri. Akaniambia ameitwa Fomu Five, shule inafunguliwa Januari, lakini baba hawezi. Akaniambia kuna mwenye duka Sultan Hamud anayemposa, ana lori na wake wawili, na ndugu za baba wamekwisha kunywa soda zake. Baba yake hakumtaka yule mtu, lakini alikuwa amechoka kusema hapana. "Jana nilipoona ni mwanamke, nilishukuru," akasema. Kisha akaniuliza ninakwenda wapi na magauni mawili. Nikamweleza habari za Kiboko. Alisikiliza mdomo wazi. Sijawahi kumwona mtu akitamani kitu hivyo, na kitu chenyewe kilikuwa changu, na kilikuwa kinanitoroka.

Nilipogeuka, shangazi alikuwa amesimama nyuma ya tangi. Alikuwa amesikia.

Wazee wakaketi. Yule mwembamba akaanza, "Mwaitu Kavata, leo tupange yaliyobaki. Tunawangoja wa ng'ambo. Tukijaliwa tutamaliza jioni, au kesho."

Mguu wangu ukaanza. Nilijaribu kuushika kwa mkono, mkono nao ukatikisika. Shangazi akautazama ule mguu kwa muda, kisha akasimama. Mwanamke hasimami ovyo kwenye kikao kama kile, lakini yeye alikuwa bwana arusi, nani angemkalisha?

"Ndinda, njoo hapa. Wewe unataka nini?"

"Msichana haulizwi," yule mzee akasema.

"Huyu ni mke wangu au si mke wangu?"

"Ni wako."

"Basi namuuliza mke wangu."

Ndinda alitazama chini. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kila mtu aliisikia. "Nataka kwenda Fomu Five."

"Ataenda. Karo ni yangu. Na yule wa duka aambiwe huyu ameshaolewa Kitui."

Minong'ono ikaanza. Mzee mwembamba akagonga fimbo chini. "Na watoto je? Iweto ni wa kujaza nyumba."

"Nyumba ni yangu," shangazi akasema. "Imekaa kimya miaka yote. Itakaa tena mpaka huyu amalize kusoma."

Mama yake Ndinda akauliza polepole, "Na akimaliza, akitaka kwenda zake?"

"Ataenda. Na mimi nitakuwa mume wa kwanza kuachwa Kasikeu."

Akina mama waliangua kicheko mpaka wazee wakashindwa kukizuia chao. Mzee Musyoka alicheka huku akijifuta macho, na sidhani machozi yale yalikuwa ya kicheko yote. Shangazi hakungoja wanyamaze.

"Mtoto wangu ana safari. Imeisha?"

"Imeisha," akasema Mzee Musyoka.

Kasikeu mpaka Kiboko

Tulitembea kwenda barabara kuu karibu tukikimbia. Mzee Musyoka alibeba sanduku langu kichwani, Ndinda kiondo. Shangazi alikuwa nyuma nami.

"Maisha yako yote ulisema hutafanya hivi," nikamwambia.

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa tembea. Ningeanza kueleza ukweli, saa hizi tungekuwa tunangoja wa ng'ambo, na wewe unatingisha mguu. Tembea, Mwende."

Nilielewa hapo, na nikaona haya, na bado niliongeza mwendo. Alikuwa ameliacha neno aliloshikilia tangu ujana wake, mbele ya watu, ili mimi nisichelewe.

Lori la unga linaloelekea Mtito likasimama. Shangazi alibaki, mwenye mke hawezi kuondoka siku ile ile. Dereva alikuwa mtu wa maneno na chai. Emali alisimama, akaagiza chapati, akaniambia haraka haraka haina baraka, na nilimjibu jambo ambalo sitaliandika hapa. Alimeza chapati nzima nzima baada ya hapo. Tulipita Simba, uwanda umefunguka pande zote, na mimi nilikuwa nimeinama mbele kana kwamba naweza kulisukuma lori kwa kifua.

Nilishuka kwenye lango la kituo nikiwa na unga kwenye nywele na magauni mawili. Nilimpita askari wa lango anauliza jina. Nikaingia ofisi ya kwanza niliyoiona. Palikuwa na saa ukutani, na saa sita ilikuwa bado. Mama mmoja mwenye miwani alikuwa mezani peke yake akinywa uji.

"Mwende wa Tulia," nikasema. "Nimefika."

"Karibu, Mwende. Mbona unahema hivyo?" Akanivutia kiti. "Ninyi wa Kitui tuliwahurumia. Mvua imekata njia kila mahali, hakuna mwenzako hata mmoja aliyefika. Tumewaongezea siku. Mnaripoti mpaka Jumatatu."

Nilikaa kwenye kile kiti nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Yule mama alininawisha uso akanipa uji wake. Alidhani ni njaa.

Kurudi Tulia

Kuhusu miezi sita ya Kiboko nitawaeleza tukionana. Ni mtama, ni nyasi, ni jua, na nilipenda kila siku yake, hata zile nilizozichukia. Mnachotaka kujua ni habari ya mke.

Nilirudi Tulia shule zikiwa zimefunguliwa. Nilimkuta shangazi kwake, amekaa mlangoni anachagua ndengu kwenye ungo. Alikuwa amemrudishia Mutinda mbuzi mwingine wa kumpelekea dada yake, na hakumweleza kwa nini. Ukoo wa marehemu mume wake ulikuwa umekuja kumpongeza, ukamuuliza mke yuko wapi, akawaambia yuko bweni anasoma, wakaondoka bila kumaliza chai. Ndinda alikuwa mtu wa tatu darasani.

Nilikaa karibu naye nikachagua ndengu pia. Jambo lile lilikuwa limenichoma miezi sita, na sikuweza kulibeba zaidi. Nikamwambia.

"Jumatatu?" akauliza.

"Jumatatu, mpaka jioni."

Mikono yake ilisimama. Aliitazama barabara ya kwenda sokoni kwa muda mrefu hivi kwamba nilianza kutikisa mguu. Kisha akacheka, akacheka mpaka ungo ukainama na ndengu zikamwagika mavumbini, na kuku wakaja. Hakuwafukuza. Alipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya leso.

"Ndinda anajua?"

"Hapana."

"Asijue," akasema, akaanza kuokota ndengu moja moja. "Mwache aamini nilitoka Tulia kumfuata yeye."